Jirani Amebanwa na Pumu: Tumsaidie Vipi?



Leo tunazungumza juu ya pumu. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ni vigumu kupata mtaa wa mjini au kijiji cha shamba ambacho hakina mtu wa pumu. Lakini kuujua ugonjwa kwa jina ni jambo moja. Kujua la kufanya mtu anapobanwa ni jambo jengine.

Pumu haipigi hodi. Mara nyingi inakuja usiku wa manane au alfajiri. Wakati huo daktari hayupo. Aliyepo ni mke, mume, mtoto au jirani. Aliyepo ni wewe. Dakika zile za mwanzo zimo mikononi mwako. Ukifanya yaliyo sawa, mgonjwa atapata nafuu, au atafika hospitali akiwa hai. Ukifanya kinyume, hata kwa nia njema, unaweza kumpoteza.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu. Mwaka huo huo watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na zenye kipato cha kati cha chini. Sababu ni nini? Dawa hazipatikani kwa urahisi, ugonjwa hautambuliwi mapema, na msaada unachelewa. Dawa ni kazi ya Serikali na wizara. Lakini kutambua mapema na kusaidia mapema ni kazi yetu sote, na mtu anayejua kusoma anaiweza.

PUMU NI NINI?

Tunapovuta hewa, inapita puani au mdomoni, inashuka kooni, kisha inaingia kifuani kwa mirija. Mirija hiyo inagawanyika kama matawi ya mti, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia, mpaka inafika ndani kabisa ya mapafu.

Kwa mtu wa pumu mirija hiyo ni myepesi kuchokozeka. Ikichokozwa, mambo matatu yanatokea:

1. Misuli inayozunguka mirija inakaza, kama mtu aliyeubana mfereji wa maji kwa mkono.
2. Ukuta wa ndani wa mirija unavimba.
3. Balghamu nzito inajaa ndani.

Basi njia ya hewa inakuwa nyembamba. Hewa inaingia kwa taabu, na kutoka kwake ni taabu zaidi. Ndiyo maana kifua kinapiga mbinja mgonjwa anapotoa pumzi.

Wasomaji ambao hamna pumu wala ugonjwa wa moyo, jaribuni hivi. Chukua mrija wa kunywea soda. Ziba pua. Pumua kwa mrija huo tu, kwa muda wa nusu dakika, kisha uache. Umeona? Sasa fikiri mtu aliye katika hali hiyo saa nzima, na hana mrija wa kuutupa. Ukimwona anatweta na macho yamemtoka, usimwambie, "Hebu jikaze." Amekwisha jikaza.

Tukumbuke na hili: pumu haiambukizi. Si kifua kikuu. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe wala sahani. Lakini mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi na aende akapimwe, ijulikane anaumwa nini.

NINI KINAICHOKOZA?

Kila mgonjwa ana vyake. Mmoja anabanwa na vumbi, mwengine na baridi. Hapa Unguja tuangalie haya:

Moshi. Jiko la kuni, makumbi na vifuu ndani ya chumba kisicho na dirisha ni adui mkubwa. Moshi wa sigara ni hivyo hivyo, hata kama anayevuta ni mtu mwengine. Udi na ubani tunavipenda, harufu yake ni heshima ya nyumba na wageni. Lakini kwa kifua cha mtu wa pumu, moshi ni moshi.

Vumbi. Liko vumbi la usumba kwa wanaosuka kamba, vumbi la unga mashineni, vumbi la karafuu kavu, na vumbi la kufagia asubuhi. Godoro na mito ya zamani hukaa wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Kinyesi cha wadudu hao, na cha mende, huchokoza pumu.

Ukungu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake hunywa maji. Wakati wa masika unaona madoa meusi na ya kijani ukutani, na chumba kinanuka uvundo. Hiyo ni hatari kwa mtu wa pumu. Nyumba za shamba zinazovuja nazo ni hivyo hivyo.

Mafua na baridi. Watoto wengi hubanwa baada ya mafua. Wengine hubanwa upepo unapogeuka na baridi kuingia.

Mbio, kicheko na kilio. Mtoto anayerudi mpirani huku kifua kinalia si mvivu. Huenda ana pumu.

Dawa nyengine. Baadhi ya watu wa pumu hubanwa wakimeza aspirini au dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki. Kabla ya kununua dawa dukani, mwambie muuzaji, "Mimi nina pumu."

DALILI ZA KUBANWA

Mgonjwa anakohoa mfululizo. Kifua kinapiga mbinja. Anasema kifua kinambana. Anahema haraka. Hataki kulala, anataka kukaa na kuinama mbele.

Ziko dalili za hatari zaidi. Hizi tunaomba mzisome mara mbili:

1. Hawezi kusema sentensi moja bila ya kupumzika. Anasema neno moja, mawili, anakatika.
2. Nyama za shingoni na za katikati ya mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Kwa mtoto utaliona hili wazi ukimvua shati.
3. Midomo, ulimi au kucha zimekuwa za kijivu au buluu.
4. Amechoka mno, anasinzia, au anasema maneno yasiyoeleweka.
5. Kifua kilikuwa kinapiga mbinja, sasa kimenyamaza, na bado anahangaika.

Dalili hiyo ya tano inawadanganya wengi. Watu husema, "Alhamdulillahi, kimetulia." Hakijatulia. Mbinja ni sauti ya hewa inayopita kwa shida. Ikinyamaza na mgonjwa hajapata nafuu, maana yake hewa haipiti. Hapo hakuna kungoja. Ni gari na hospitali, huku mnaendelea kumpa dawa yake.

TUFANYE NINI? HATUA KWA HATUA

Tuseme ni usiku, katika nyumba moja ya Kiponda, ghorofa ya pili. Kijana wa kike amebanwa. Mama mkwe wake amemwita jirani.

Mama mkwe anasema, "Mwanangu, msaidie alale chini, nami nilete chetezo nimfukize."

Jirani anajibu kwa adabu, "Bi mkubwa, nisamehe. Akilala pumzi itazidi kukatika, na moshi utamzidisha. Tumkalishe kwanza. Dua utamsomea akiwa amekaa."

Jirani huyu anajua. Hakumvunjia mkubwa heshima yake, wala hakumwacha mgonjwa aangamie. Sasa tumfuate hatua zake.

Hatua ya 1: Tulia. Ukibabaika wewe, mgonjwa atababaika zaidi, na pumzi itazidi kwenda mbio. Sema naye kwa sauti ya chini. "Niko hapa. Vuta taratibu. Toa taratibu."

Hatua ya 2: Mwondoe penye uchokozi. Kama ni jikoni, mtoe nje ya moshi. Kama chumba kina vumbi au ubani, mpeleke dirishani au barazani. Waombe waliojaa mlangoni watoke. Watu kumi katika chumba kimoja hawamsaidii.

Hatua ya 3: Mkalishe wima. Ainame mbele kidogo, mikono aiegemeze juu ya magoti au meza. Mlegezee vazi la shingoni, kifuani na kiunoni. Usimlaze.

Hatua ya 4: Mpe dawa yake ya kuvuta. Wengine huiita pampu, wengine inhela. Tunataka ile ya kufungua kifua haraka, ambayo jina lake ni Salbutamol. Mara nyingi chombo chake ni cha rangi ya buluu. Fanyeni hivi:

Ondoa kifuniko. Tikisa kopo vizuri. Mgonjwa atoe pumzi. Aweke mdomo wa chombo katikati ya meno na kuubana kwa midomo. Bonyeza mara moja, na wakati huo huo avute pumzi ndani taratibu na kwa kina. Azuie pumzi akihesabu mpaka kumi, au kadiri anavyoweza. Halafu atoe. Tikisa tena, bonyeza tena. Mpe mibonyezo 4, mmoja mmoja, usiichanganye.

Hatua ya 5: Ngoja dakika 4. Tazama saa, usikisie. Dakika ya mtu mwenye hofu ni ndefu. Kama hakuna nafuu, mpe mibonyezo mengine 4.

Hatua ya 6: Kama bado, au nafuu ni kidogo, mpelekeni hospitali. Njiani endeleeni kumpa mibonyezo 4 kila baada ya dakika 4. Mtoto naye anapewa hivyo hivyo. Moyo unaweza kwenda mbio na mikono ikatetemeka. Hiyo ni kazi ya dawa, itapita. Kukosa hewa ndiko kunakoua.

Mwenye dalili yoyote katika zile tano za hatari asingojewe mpaka hatua ya 6. Mmoja ampe dawa, mwengine akimbilie gari, wakati mmoja.

Je, kama hana dawa? Mkalisheni wima na mwondoke mara moja. Kama jirani ana Salbutamol ya kuvuta, katika hali ya hatari mpeni hiyo. Ni bora kuliko kukosa kabisa. Kopo likirudi, lifuteni kwa kitambaa safi.

Je, akizimia? Kama anapumua, mlazeni kwa ubavu na mkimbie hospitali. Kama hapumui, aliyefundishwa aanze mara moja kumbonyeza kifua na kumpulizia hewa mdomoni, wakati wengine wanatafuta gari.

NJIA YA KWENDA HOSPITALI

Hapa tuseme ukweli wa kisiwa chetu. Katika Mji Mkongwe gari haifiki kila mlango. Vichochoro vya Malindi, Kiponda na Hurumzi vimejengwa kwa watu wa miguu. Basi mgonjwa asitembezwe. Kwenda ngazi na kichochoro kwa miguu kunamaliza pumzi iliyobaki. Mkalisheni juu ya kiti, watu wawili wamchukue na kiti chake mpaka barabara kuu, na gari liwe limekwisha ngoja hapo. Kwa wa Mji Mkongwe, hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu.

Kwa wa shamba, safari ni ndefu. Wa Kaskazini wanayo Kivunge, na wa Kusini wanayo Makunduchi. Msipite kituo kilicho karibu mkakimbilia mjini na mtu aliyebanwa. Karibu kwanza.

Tena, gari la usiku halitafutwi usiku. Linatafutwa mchana, kabla ya shida. Kila nyumba yenye mtu wa pumu ikubaliane na mwenye gari, na namba yake ya simu iandikwe kwa herufi kubwa ukutani. Iandike wewe uliyesoma, na wafundishe watoto waisome.

CHUPA YA MAJI INAYOSAIDIA

Wengi wetu, hasa watoto na wazee, hatuwezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa inabaki mdomoni na kooni, haifiki kifuani. Kwa ajili hiyo kuna chombo cha kuunganisha na pampu, ambamo dawa hukaa kwanza kisha mtu akaivuta kwa pumzi zake za kawaida. Chombo cha dukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, akiwamo daktari wa watoto Heather Zar, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya chupa ya plastiki ya nusu lita. Waliona kwamba chupa iliyotobolewa vizuri inafanya kazi kama chombo cha dukani.

Itengenezeni mapema, siyo wakati wa kubanwa:

1. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Ondoa kizibo.
2. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, uchore kuuzunguka kwa kalamu.
3. Pasha waya moto, utoboe kitako kwa kufuata alama. Mdomo wa pampu uingie kwa kubana, hewa isitoke pembeni.
4. Ioshe kwa maji ya sabuni. Usiifute ndani kwa kitambaa. Iache ikauke yenyewe.

Wakati wa kutumia, pampu inakaa kitakoni na mgonjwa anavuta kwa mdomo wa chupa, ameubana kwa midomo yake. Bonyeza mara moja. Avute na kutoa pumzi mara 4, bila ya kuondoa mdomo. Halafu bonyeza mara ya pili, na kuendelea. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo, waulizeni wa kituo cha afya juu ya kifuniko cha uso.

HAPA NDIPO KISOMO KINAPOFAA

Pampu ni za aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Moja ni ya kufungua kifua, Salbutamol. Nyengine ni ya kuzuia, ambayo mgonjwa anaivuta kila siku hata akiwa mzima. Juu yake utasoma majina kama Beclometasone au Budesonide. Hii inapunguza uvimbe pole pole. Mtu akibanwa, ile ya kuzuia peke yake haimfungui. Siku hizi iko pia dawa iliyounganisha mbili katika chombo kimoja. Aliyepewa hiyo afuate alivyoandikiwa na daktari.

Basi usiangalie rangi tu, soma jina. Kisha tafuta herufi EXP. Mbele yake kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa dawa.

Tufanye na hesabu. Kopo la Salbutamol kwa kawaida lina mibonyezo 200. Mtu akitumia mibonyezo 4 kila siku, kopo litakwisha kwa siku ngapi? Ni siku 50. Lakini kuna jambo kubwa zaidi katika hesabu hiyo. Mtu anayehitaji Salbutamol zaidi ya siku mbili kwa wiki, pumu yake haijatulia. Anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari ya kubanwa vibaya. Anayemaliza kopo zima kila mwezi, hatari ya kifo inampandia. Huyo asinunue kopo jengine akanyamaza. Aende akaombe dawa ya kuzuia.

Wataalamu wa pumu duniani walibadilisha mawaidha yao mwaka 2019. Sasa wanasema watu wazima na vijana wenye pumu wasitegemee Salbutamol peke yake. Kufungua mirija bila ya kutibu uvimbe ni kama kukomba maji ndani ya ngalawa bila ya kuziba tundu.

MANENO YA MITAANI

"Pampu inazoeza, ukiianza huiachi." Si kweli. Mtu haendelei na pampu kwa kuzoeshwa. Anaendelea kwa sababu ugonjwa bado upo. Mwenye macho mabovu havai miwani kwa mazoea.

"Pampu inaua." Wanaosema hivi wamewaona watu wakifa na pampu mkononi. Hawakuuliwa na pampu. Waliuliwa na pumu, kwa kuchelewa. Dawa ya kuvuta ya kubonyeza si kitu cha jana. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956. Inasimuliwa kwamba binti wa miaka 13, mwenye pumu, alimwuliza baba yake, George Maison, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake isipulizwe kutoka katika kopo kama manukato. Swali la mtoto likazaa dawa. Salbutamol yenyewe ilifuata mwaka 1969.

"Mpe chai ya tangawizi." Chai ni nzuri kwa mtu mzima aliyetulia. Aliyebanwa anaweza kupaliwa. Usimnyweshe kwa nguvu, wala usimpe dawa ya usingizi.

"Hilo ni shetani." Dua haikatazwi, na mkono wa mkubwa kichwani unatuliza. Lakini mgonjwa asifungiwe chumbani kwa mafusho wakati hospitali inangoja. Dua na dawa vinakwenda pamoja.

"Usiseme, binti hataolewa." Neno hili linaua kimya kimya. Msichana anaficha pampu chini ya godoro, akibanwa kwa mumewe hakuna ajuaye la kufanya. Pumu si aibu. Mtu wa pumu anasoma, anaoa, anaolewa, anazaa, analima na anacheza mpira, maadamu anatumia dawa zake. Mwambieni mwalimu wa skuli, mwambieni mume, mwambieni jirani.

WAKATI WA RAMADHANI

Wengi huuliza, je, pampu inabatilisha saumu? Wanavyuoni wamehitilafiana. Wako wanaosema inabatilisha, na wako wanaosema haibatilishi. Muulize sheikh unayemwamini, na umuulize kabla ya mwezi kuandama. Muulize na daktari, huenda dawa ya kuzuia ikavutwa usiku, wakati wa daku na baada ya futari. Lakini katika jambo moja hakuna shaka. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyengine. Aliyebanwa apewe dawa yake hapo hapo, asingojeshwe magharibi.

BAADA YA NAFUU

Mgonjwa akitulia, msifikiri yamekwisha. Uvimbe wa ndani bado upo, na anaweza kubanwa tena usiku huo huo. Asiachwe peke yake. Kesho yake aende kituo cha afya, hata kama anajiona mzima.

Nyumbani fanyeni haya. Anikeni magodoro na mito juani. Nyunyizeni maji kidogo kabla ya kufagia, au mfute kwa kitambaa kibichi, na kazi hiyo asipewe mwenye pumu. Pikieni uwani au upenuni. Fungueni madirisha. Kwanguweni ukungu ukutani na kuziba panapovuja, mgonjwa akiwa hayupo. Pampu ikae pahala pamoja, panapojulikana na wote. Dawa iliyofungiwa kabatini na ufunguo kupotea ni sawa na kutokuwa na dawa.

TUJIFUNZE PAMOJA

Wakubwa wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 huko Tanzania Bara. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Walisikiliza radio pamoja, wakasoma vitabu vyao, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi kwa mikono. Wengi walichimba vyoo. Elimu ile ilifaa kwa kuwa haikuishia darasani.

Nasi tufanye hivyo. Wanakisomo, chagueni siku moja. Mmoja awe mgonjwa, mmoja awe jirani, mmoja ashike saa. Mfanye hatua zote 6 mpaka mzijue kwa moyo. Mwiteni mfanyakazi wa afya wa shehia aje kuwasahihisha. Siku ya kubanwa hakuna atakayepata nafasi ya kufungua gazeti.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mambo gani matatu yanayotokea ndani ya kifua cha mtu aliyebanwa?
2. Kwa nini aliyebanwa hatakiwi kulazwa?
3. Kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza, na mgonjwa bado anahangaika. Mtafanya nini?
4. Utaijuaje dawa ya kufungua na dawa ya kuzuia?
5. Katika shehia yenu, nani ana gari au chombo cha usiku? Namba yake imeandikwa wapi?

Kazi ya nyumbani: Andika katika daftari lako hatua 6 za kumsaidia aliyebanwa. Kisha mtafute mtu mmoja asiyejua kusoma, umsomee.